Hinda Gelle na Swali la Ngamia Wenye Kiu
Na Noordin Abdiqani, maabara

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Bi. Hinda Gelle, mkuu wa maabara ya kituo chetu cha utafiti wa mifugo hapa Iftin, anastaafu rasmi Jumatatu, Juni 30, 2025. Amekuwa likizoni tangu mwanzo wa mwezi, ingawa hiyo ni likizo ya jina tu. Kila asubuhi simu ya maabara inalia, na sote tunajua ni nani na anauliza nini.

Alikuja mwaka 1993 na diploma yake, akawa anasaka vimelea vya damu kwa hadubini. Wafugaji walimletea damu ya mifugo kwenye chupa za soda, naye akawapa chai kwanza, somo baadaye. Alirudi chuoni akiwa mama wa watoto wanne na kutoka na shahada ya uzamili. Sisi vijana wa maabara tunamwita eddo, yaani shangazi, na kama shangazi yeyote anayejiheshimu, hakosi la kuuliza. Ukimwambia ngamia amepona, atataka kujua amepona vipi. Ukimweleza, atataka kujua kwa nini mwenzake hakupona. Hachoki, wallahi!

Swali lake kubwa lilikuwa moja: ngamia akikaa majuma bila maji, mwili wake unafanya nini huko ndani? Mwaka 2019, tulipoanza kazi ya RNA, hatimaye akapata njia ya kuliuliza. Maelezo yake kwa wageni tumeyakariri. Jeni ni kama menyu iliyobandikwa ukutani hotelini, haibadiliki. Ukitaka kujua leo kunapikwa nini, msikilize weita anavyoagiza jikoni. RNA ndiyo maagizo hayo, na kuisoma ni kujua seli inatumia jeni zipi kwa wakati huo. Wazee wa Takaba walimsikiliza kwa makini, kisha wakataka kujua ngamia wao ameagiza nini.

Tatizo ni kwamba RNA haina uvumilivu. Kidole kitupu tu kinatosha kuiharibu. Mheshimiwa mmoja kutoka makao makuu aliwahi kushika kichupa bila glavu, akajikuta nje ya mlango kabla hajamaliza salamu. Eddo alimfuata na glavu, na kikombe cha chai.

Mwaka juzi Mzee Jelle Bare, mfugaji wa Kutulo, alikubali tupime ngamia wake wanaporudi kisimani kutoka malisho ya mbali. Tulitaka damu yao wakiwa na kiu, kisha damu ya walewale wakishashiba maji. Majibu yaliporudi kutoka Nairobi, tulishika vichwa. Sampuli zote zilifanana! Jeni tulizotarajia ziamke kwa sababu ya kiu zilikuwa zimelala fofofo. Wengine walisema vichupa vimechanganywa, wengine wakailaumu mashine, na wafadhili wakaanza kuzungumzia kuufunga mradi.

Hinda hakumlaumu mtu. Alienda Kutulo, akaketi na Mzee Jelle, akamwomba amsimulie siku ile tangu alfajiri. Mzee alisimulia bila wasiwasi. Ngamia walifika asubuhi, sisi tukafika adhuhuri. Kwake yeye ni dhambi kumsimamisha mnyama mwenye kiu mbele ya birika la maji, tena wageni wanakuja. Basi akawanywesha, wapendeze kidogo. Hakuficha kitu, hakuna aliyemuuliza. Eddo alicheka mpaka akafuta machozi.

Wafadhili walituruhusu kurudia mara moja tu, ya mwisho. Machi mwaka huu, kiangazi kikiwa kikali, Hinda hakumwomba Mzee Jelle avunje desturi yake. Sisi ndio tuliosogea. Tuliwafuata ngamia njiani, mbali na kisima, tukawatoa damu hukohuko na kuitia kwenye vichupa vyenye dawa ya kuituliza RNA. Jua la Kutulo halina adabu, lakini mama wa miaka sitini alibeba sanduku lake mwenyewe na kutukatalia kabisa tumpokee. Kisha ngamia wakanywa mpaka wakashiba, Mzee akiwaimbia, tukawapima tena. Ikishindikana mara hii, mradi unakufa, na Hinda anakwenda nyumbani na swali lake. Ndiyo maana ya zile simu za asubuhi.

Eddo, sasa tunageuka kusema nawe, maana tunajua karatasi hii unayo mkononi na miwani umevaa. Kila ulipopiga tulikujibu kwamba majibu bado. Tangu Jumanne haikuwa kweli, utusamehe. Tulitaka uyasome mwenyewe katika hafla hii ya kukuaga, ukiwa katikati ya watu wako, na Mzee Jelle ameketi safu ya mbele. Majibu yamefika. Sampuli zimetengana kabisa: wenye kiu upande huu, walioshiba upande ule. Mradi unaendelea!

Asante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kulaumu. Tunakupenda, na maabara itakuwa kimya mno bila wewe. Mungu akupe maisha mema, afya na wajukuu wengi. Usingizi tu ndio hatuwezi kukuahidi: katika damu ya wale wenye kiu kuna jeni moja inayofanya kazi kwa nguvu kuliko zote, na hakuna hata mmoja wetu anayejua inafanya nini.