Santuri Zenye Jina la Radi

Sogeeni wanangu. Binti yangu, kaa hapa nikuone, nawe kitindamimba funga mlango, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima, sitaki kuimaliza kwa kurudia maneno.

Nyumba ni yenu wawili, msiikate kwa ukuta. Kerezo, ile mashine ya kuchongea vyuma, na karakana ni vya kitindamimba, aliyeungua mikono pamoja nami. Hayo mepesi. Zito limo chumbani kwa marehemu kaka yenu, zile santuri kuukuu zilizofika darini, za muziki wa panki na wa magitaa makali, ambazo kwa miaka ishirini mmeniona nikizichakura kwenye masoko ya mitumba, nikipuliza vumbi, nikigeuza majalada, mkanong'onezana kwamba baba kaingiwa na wazimu. Si wazimu. Nilikuwa natafuta mwandiko.

Kaka yenu kila santuri aliiandika jina lake la utani, Radi, nyuma ya jalada, pembeni. Ya kwanza alipewa na mjomba wenu. Nilizichukia kelele zile, na zaidi nilichukia kuona mwanangu akicheka na mjomba wake, nami ananiamkia tu. Siku moja alipokuwa kazini nilizipakia zote kwenye mkokoteni, nikampa muuza mitumba. Aliporudi akaniuliza, "Baba, nani kaingia chumbani kwangu?" Nikamjibu, "Muulize mjomba wako, si ana ufunguo?"

Maneno hayo tu, wanangu, na maji yakimwagika hayazoleki. Alikwenda akampiga mjomba wake hadi sikio la kushoto likafa, akahama mji bila kuaga, na mwaka haujaisha tukaletewa mwili wake. Alianguka kwenye jengo alilokuwa akijenga. Mama yenu kafa hasemi na ndugu yake wa tumbo moja. Siku ya kumzika kaka yenu, mjomba alisimama nje ya geti, nanyi mkiwa wadogo mkamfukuza kwa mawe, nami nikatazama.

Usilie, binti. Nipe maji. Basi, yatosha.

Zenye jina la Radi nimepata hamsini na moja, ziko rafu ya chini. Nyingine nilizinunua kwa kuwa nilianza kuzisikiliza, nikajua mwanangu alikuwa akipenda nini, nimechelewa. Zote mpelekeeni mjomba. Mwelezeni niliyowaambia bila kuyapaka asali. Msimwombe anisamehe mimi. Ombeni msamaha wenu wa yale mawe. Akitaka kuzichoma, mshikieni kiberiti.

Unauliza kwa nini sikwenda mwenyewe? Nilikwenda, mwanangu. Mara tatu nilifika mlangoni kwake, nikasikia anakohoa ndani, nikarudi. Woga, hakuna jingine.

Nipeni mikono. Mungu awape... ulimi mwepesi wa kukiri kosa. Awaweke pamoja. Radhi yangu mnayo, yote... yote mnayo.

Nendeni sasa. Msingoje nife. Kama anataka kuja kunitukana... mwambieni afanye haraka.