Gurudumu la Kushoto la Ndege Namba Saba: Maisha ya Aatos Rautapuro

Jumapili tarehe 7 Machi 1943, saa nne na dakika kumi asubuhi, ndege ya kivita namba saba ilirudi bila tundu la risasi, ikagusa uwanja wa barafu, ikapinda kushoto kana kwamba imeshikwa na mkono, bawa likachimba ukingo wa theluji, ikapinduka magurudumu juu. Na hapo, ndugu waombolezaji, maisha ya mpendwa wetu Aatos Rautapuro, fundi wa ndege hiyo, yaligawanyika kuwa kabla na baada, ingawa yeye alikuwa amesimama kando na hakupata hata mkwaruzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1918 huko Längelmäki, akiwa mtoto wa nne wa mkulima Kalle Rautapuro na mkewe Hilja, mama aliyeamini kwamba kilichofanya kazi siku sita sharti Jumamosi kioge, watu kwanza waingie sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, kisha farasi apanguswe kwa maji yaliyobaki, ili Jumapili ya Bwana imkute kila mmoja safi. Alisoma shule ya kijiji miaka sita, akapata kipaimara mwaka 1933, akajifunza ufundi kwa mhunzi, na mwaka 1939 jeshi likampeleka kozi ya mafundi wa ndege.

Namba saba alikabidhiwa Juni 1941, akaipenda kama farasi wa kwao. Amri ilikuwa tope la theluji lisuguliwe magurudumuni kwa ufagio mkavu, lakini asubuhi ile, mafundi wenzake wakimcheka kwamba bwana harusi anamwogesha bibi harusi kabla ya kanisa, alichota maji ya uvuguvugu yaliyobaki saunani tangu Jumamosi, akaliosha gurudumu la kushoto, na kabla hajalifuta king'ora kikalia, na rubani wake, Sajini Onni Hietikko, akapaa.

Hietikko alivunjika nyonga, hakuruka tena. Gurudumu lilipokaguliwa ndani ya hema lenye jiko lilizunguka vizuri, hivyo kwenye kadi ya ndege ikaandikwa kosa la rubani, alikanyaga breki kabla ya kugusa ardhi. Na kijijini kwao Hietikko akaitwa Mguu Mzito, hata na watoto. Marehemu alikuwa na shaka tu, na shaka hiyo aliibeba moyoni.

Namba saba ilitengenezwa, ikarudi angani Agosti mwaka huohuo, ikapigana hadi vita vilipokwisha, ikatumika kufundishia vijana, na mwaka 1948, ikiwa imetimiza saa 611 za kuruka, ikavunjwavunjwa. Marehemu alisafiri siku mbili kwenda kuomba gurudumu lake la kushoto.

Wakati huo alikuwa ameshamwoa Saimi Ala-Kojola, tarehe 22 Juni 1946, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kerttu, Ilmi na Tauno. Mchana alitengeneza baiskeli na mashine za kukamulia maziwa, na kila majira ya baridi alilitundika gurudumu barazani, akalipaka tope la theluji, au maji ya kisima, akasubiri aone kama litakwama kwa barafu, akalizungusha, akaandika nyuzi za baridi na dakika, na kila mwaka likazunguka. Tarehe 9 Februari 1957, Saimi, aliyemshikia saa miaka minane, alisema, "Aatos, baba watoto, umejaribu yote isipokuwa ulichokifanya."

Jioni hiyo alikwenda saunani, akachota maji ya uvuguvugu. Maji ya kisima yalikuwa yakigandia nje tu, lakini haya yalipenya hadi ndani ya kitovu kabla ya kuganda, mahali ambapo joto la jiko la hema lingeyayeyusha bila kuacha alama, na baada ya dakika arobaini na moja gurudumu likakwama, hata nyundo haikulitikisa.

Kesho yake baada ya ibada alipanda treni hadi kwa Hietikko, akamweleza kila kitu akiwa bado amesimama na kofia mkononi. Hietikko alimimina kahawa vikombe viwili, kisha akasema, "Fundi, miaka kumi na minne nimeamka kila siku nikijaribu kukumbuka mguu wangu ulikuwa wapi. Kumbe ulikuwa mahali pake. Kaa, ule mkate." Waliandika barua pamoja, na leo kwenye kadi ya namba saba imebandikwa karatasi isemayo rubani hakukosea, yenye saini ya fundi. Tangu hapo, kila Jumamosi iliyo karibu na tarehe 7 Machi, wawili hao walioga sauna moja.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua mwaka 1985, na Jumamosi tarehe 14 Januari 1989, saa kumi na mbili jioni, alikata roho akiwa ameketi kwenye ngazi ya sauna, ameshaoga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokoleza moto jikoni na kukamua ng'ombe wetu, na mafundi wenzake waliobaki. Inamshukuru pia Mzee Hietikko, aliyefika jana kwa mkongojo wake, akaomba aruhusiwe kumwosha rafiki yake, akamwosha kwa maji ya uvuguvugu, na akamfuta polepole mpaka akakauka kabisa.

Ee Bwana, uliyemwona akikosea kwa upendo na akitafuta kwa upendo uleule, mfungulie uwanja wako, mshushe salama, na umpe pumziko la Jumapili isiyo na mwisho. Amina.