Bendera Nne Ndani ya Silanga

— Hicho chuma hakitoki hapa, Mwiti!

— Kitatoka leo, Abdijabar. Lori liko njiani.

— Basi lipite juu ya mgongo wangu!

Abdijabar ni baba yangu, Aabo kwetu nyumbani. Mwiti ni ofisa, mtu wa Meru, na hapa kijiweni tunamwita Serikali. Walikuwa wamesimama uso kwa uso mbele ya duka letu la kahawa hapa Ijara, na kati yao, chini ya turubai, kulikuwa na duara la chuma kubwa kama gurudumu la lori. Lilianguka juzi kutoka angani likatua ndani ya silanga, bwawa lenye maji pekee tuliyobaki nayo mpaka mvua. Vijana walilivuta kwa ngamia mpaka hapa. Limechorwa bendera nne, moja imeungua nusu. Tangu hapo Serikali amezungusha kamba kwenye silanga: asinywe mtu, asinywe mnyama, mpaka wataalamu waje. Ilikuwa zamu ya ngamia wetu kunywa siku ile ile. Mpaka sasa wanayatazama tu maji, dada yangu Hani akiwazuia kwa fimbo.

Nikamimina kahawa ndani ya duka ili wakae. Wakakaa.

— Kikienda Nairobi, nani atajua kiliniangukia mimi? alisema Aabo. Kwetu mtu akidhuru mtu, wazee wake wanakuja kwanza. Wanakaa chini, wanasema, ni sisi. Waje.

— Wazee gani? Ni nchi nne, zilishirikiana kurusha roketi.

— Vizuri. Basi ni ukoo mmoja. Walirusha pamoja, waje pamoja.

Keynan, fundi wa madishi tunayemwita Setelaiti, akacheka.

— Adeer, ami yangu, ukoo una mkubwa wake. Hapa mkubwa nani? Siku ya kurusha, kwenye picha wote walikuwa mbele. Leo kila mmoja yuko nyuma ya mwenzake.

Serikali akashusha sauti.

— Wakubwa wangu wamewapigia simu. Wa kwanza anasema alitengeneza injini tu. Wa pili anasema alileta mitambo ya kupimia.

— Wa tatu alipika chai! alidakia Setelaiti.

Hakuna aliyecheka. Khadijo, muuza maziwa, akaweka dumu lake chini.

— Mnadhani ni ajali? Hawa wanatupa mahali pasipo na watu. Kwenye ramani yao sisi hatupo.

— Na mwezini wameshagawana viwanja, Setelaiti akaongeza. Wallahi, mwaka kesho utaona seng'enge kule juu. Mwezi utachomoza na mlinzi.

— Kuna mkataba, Serikali akasema. Aliyerusha anawajibika.

— Nani aliyerusha? Aabo akauliza.

— Wote wanne.

— Kwa hiyo nani?

Kabla sijaacha shule, mwalimu alitufundisha kwamba anga za juu ni za watu wote. Nikalisema hilo.

— Ni za wote zikiwa juu, Aabo alijibu bila kunitazama. Zikishuka ni zangu peke yangu.

Kisha akamgeukia Serikali.

— Nijibu wazi. Yale maji yana sumu?

— Sijui.

— Kwa nini umefunga kamba?

— Kwa sababu sijui.

— Na wao?

— Yupo mmoja wao anayejua walitia mafuta gani. Lazima yupo. Lakini wamekubaliana asiseme mtu peke yake. Watatoa ripoti ya pamoja.

— Lini?

— Wakishapatana maneno.

Aabo aliinuka, kahawa ikamwagika mkekani. Serikali naye akainuka. Setelaiti akawashika wote wawili mabega, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania.

— Mzee, ngoja hata kesho, alisema Serikali. Nakuomba. Wakinywa wakafa?

— Wasiponywa watapona?

Mlango wa nyuma ukagonga ukuta. Hani alisimama pale akihema, dera lake limelowa mpaka magotini, fimbo imevunjika mkononi.

— Aabo, ngamia wamekata kamba. Wako majini, wanakunywa. Tuwatoe, au tuwaache?