Velma Kerubo Gitonga, Mjenzi wa Magari Madogo ya Zamani (1974–2025)

Padri, mama yetu Nyaboke, wakwe zetu kutoka Meru, ndugu na marafiki wa Minneapolis na Saint Paul, tumekuja kumsindikiza Velma Kerubo Gitonga. Mimi ni Maurice, ndugu yake wa kumfuata. Familia imeniomba nisome habari za maisha yake, na mumewe, Harrison, amenionya nisikosee hata mwaka mmoja, kwa sababu marehemu angesikia.

Velma alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Tabaka, Kisii, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ratemo na Mama Nyaboke. Wanaoijua Tabaka wanajua kwamba watu wa huko huishi kwa mawe laini ya kuchonga. Baba alichonga. Mama na sisi watoto tulisugua vinyago kwa msasa ndani ya karai la maji hadi ving'ae. Mara nyingi Velma aligusa jiwe huku akiongea na mtu mwingine, akasimama ghafla, akasema, "Hapa bado," na kweli palikuwa bado.

Mwaka 1984 daktari mmoja Mmarekani wa hospitali ya misheni, aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao, alimletea Baba picha ya gari la marehemu baba yake, Buick ya mwaka 1953, akaomba achongewe la jiwe. Baba alilichonga vizuri sana. Gari hilo lilikuwa na matundu ya duara ubavuni, karibu na bonneti, na Baba alitoboa matatu kila upande. Velma, akiwa na miaka kumi, alichukua ile picha akaisogeza dirishani.

"Baba, yako manne."

"Nani atahesabu matundu?"

"Mwenye gari."

Baba alinung'unika, lakini alitoboa la nne. Daktari alipokuja kuchukua gari lake, kabla hata ya kusalimu vizuri, alipitisha kidole juu ya yale matundu moja baada ya jingine. Alipofika la nne alikaa chini kwenye kigoda cha Mama. Baadaye alitueleza kwamba Buick ya matundu manne ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote, na baba yake alikuwa akijivunia hilo tundu la mwisho mpaka anakufa. Baba yetu aliisimulia habari hiyo kwa kila mgeni, na kila aliposimulia alijitia kwamba aliyahesabu mwenyewe.

Velma alisoma shule ya msingi hapo Tabaka na kufanya KCPE mwaka 1988. Aliendelea katika sekondari ya wasichana mjini Kisii, akamaliza mwaka 1992, kisha akasomea uuguzi na kuhitimu mwaka 1996. Alifanya kazi wodini Kisii kwa miaka mitano. Tarehe 21 Agosti 2001 alitua Minneapolis akiwa na sanduku moja na sweta ambalo aliambiwa lingemtosha kwa baridi. Halikumtosha.

Alianza kazi kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee huko Richfield. Mwaka 2004 alipata leseni ya uuguzi kamili, na nyumba hiyo hiyo ikamwajiri. Humo alimkuta mzee aitwaye Lindquist, aliyepaka rangi magari kiwandani Saint Paul maisha yake yote. Dirishani kwake palijaa magari ya plastiki yenye urefu wa kiganja. Kwa wasiojua, gari la namna hiyo huja likiwa vipande ndani ya boksi, na kila kipande ni kidogo mara ishirini na tano kuliko cha gari lenyewe. Unaviunganisha kwa gundi, unavipaka rangi, na ukiwa Velma, unaweka hata nyaya za umeme wa injini, mmoja mmoja.

Macho ya Mzee Lindquist yalikuwa yamechoka. Mwaka 2005 alimpa Velma boksi lake la mwisho, Chevrolet ya 1957, ile yenye mabawa nyuma. Dada alikuja nalo nyumbani kwangu akalimwaga mezani, na baada ya kugeuzageuza kila kipande akaniuliza, "Maurice, gari hili linakunywa petroli wapi?" Nilitazama. Hapakuwa na kifuniko popote. Alimpigia Mzee Lindquist, naye akacheka, akamwambia, "Nenda ukatafute." Akakata simu.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kwa rafiki huko Apple Valley, mimi nina-drive, dada akashika mkono wangu. "Simama." Kulikuwa na gereji iliyo wazi, na ndani yake pua ya Chevrolet ya 1957. Nilimwambia hatuwajui wale watu. Alikuwa ameshashuka. Alibisha hodi, akatoka Mzungu mmoja amevaa ndala na soksi, na Velma akamuuliza lile swali kama mtu anayeulizia njia. Yule bwana alituita kwa mkono. Alikwenda kwenye bawa la kushoto, akashika ule urembo wa kromu uliosimama nyuma yake, akauvuta, nao ukafunguka kama mlango. Kifuniko cha petroli kilikuwa ndani. Velma alicheka mpaka mke wa yule bwana akatoka kuona kuna nini. Tuliingizwa ndani tukapewa kahawa, na dada akarudi gereji na futi ya kushonea akapima ule mlango. Gari lake lilipokamilika, bawa la kushoto lilifunguka. Ilibidi utumie ncha ya sindano. Mzee Lindquist hakuweza kuliona vizuri, lakini alilifungua na kulifunga mchana kutwa.

Tangu siku hiyo hakukuwa na kumzuia. Alijiunga na klabu ya wajenzi wa magari madogo iliyokutana Richfield, mwanamke pekee na Mwafrika pekee, na katika mwaka wa pili wakamchagua katibu. Lazima niseme ukweli kwamba wakati mwingine alituchosha. Kwenye sherehe moja ya kumkaribisha mtoto, keki ilitengenezwa kwa umbo la gari la zamani, na dada, mbele ya mama mtarajiwa, akauliza kwa nini taa za nyuma ni za mraba. Tulimkanyaga mguu chini ya meza.

Tukija kwenye ndoa. Mwezi Juni 2006, kwenye maonyesho ya magari ya zamani katika viwanja vya maonyesho Saint Paul, Velma alimkuta kijana wa Meru amesimama kando ya Ford Galaxie ya 1964 aliyoifufua mwenyewe kutoka kwenye zizi la mkulima. Kijana huyo, Harrison Gitonga, alikuwa na bado ni fundi wa mabasi. Bonneti ilikuwa wazi.

"Kaka, injini umeipaka rangi mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Umeipaka buluu. Ford walianza buluu mwaka 1966. Hii ya 1964 ilikuwa nyeusi, na vifuniko vya juu rangi ya dhahabu."

"Dada, mimi magari ndiyo kazi yangu kila siku."

"Naona. Kazi yako ni safi, sijaona mfano wake hapa leo. Ni hiyo rangi tu."

Harrison anasema alikasirika mpaka alipofika nyumbani, halafu akakasirika zaidi alipogundua kwamba anamkumbuka uso. Alitafuta picha na vitabu, akashusha injini nzima, akaipaka upya. Baada ya wiki kadhaa aliomba namba yake kwenye klabu, akampigia. Hakumwalika kula wala kunywa. Alimwambia, "Njoo uone nyeusi."

Alikwenda. Walifunga ndoa katika kanisa Katoliki huko Crystal tarehe 18 Agosti 2007, na walifika kwa hiyo Galaxie. Mnaoona picha ya arusi iliyopo katikati ya programu hii, ile bonneti iliyo wazi nyuma ya bibi arusi haikusahauliwa. Ni yeye aliyetaka iachwe hivyo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joan Moraa, aliyezaliwa mwaka 2009, na Alvin Mwenda, mwaka 2012. Nyumba yao ya Crystal ilikuwa na meza mbili kwenye bezimenti, chumba cha chini ya nyumba, moja ya vipande vikubwa vya Harrison, nyingine ya vipande vidogo vya Velma, na hapakuruhusiwa mtu kufagia kabla sakafu haijakaguliwa kwa tochi.

Mwezi Oktoba 2022, Velma aliangusha kioo cha pembeni chenye ukubwa wa mbegu ya ufuta. Alikiokota, kikaanguka tena. Mkono wa kushoto ulikuwa unakataa. Januari 2023 madaktari walisema ni ugonjwa wa neva unaoua misuli polepole, usio na tiba. Yeye alikuwa muuguzi, alijua hata kabla hawajamaliza sentensi. Harrison anasema walipofika nyumbani walikaa ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu, ndipo Velma akasema, "Basi wewe utakuwa mikono yangu. Na kucha zako zikatwe."

Gari lao la mwisho lilikuwa ambulensi, Cadillac ya 1959. Alitamani kujenga hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa humo magari na uuguzi vilikutana. Ilikuwa iende kwenye mashindano ya klabu, Jumamosi tarehe 5 Aprili mwaka huu. Kufikia wakati huo sauti yake ilikuwa imekwisha. Aliandika kwa macho kwenye kompyuta, nayo ikamsomea maneno yake. Kompyuta hiyo ilisoma Kiswahili kama mtalii, na watoto walikuwa wakicheka mpaka wanashika matumbo, na yeye macho yake yakicheka nao.

Alhamisi kabla ya mashindano, Harrison alibandika paa akalisogeza gari karibu na uso wake, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Velma alitazama ndani. Kompyuta ikasema, "Kichwa."

"Kichwa kinakuuma, Mama Joan?"

"Kichwa. Mbele."

Harrison alitazama. Alikuwa ameweka kitanda cha mgonjwa na mto wake upande wa mlango. Akamwambia kwa upole kwamba gundi imeshakauka, kwamba akilitoa paa litapasuka na hawataiwahi Jumamosi, na kwamba ndani kuna giza, hakuna atakayeona.

Velma aliandika kwa muda mrefu. Kisha kompyuta ikasema, "Muuguzi anakaa wapi?"

Harrison aliangalia tena. Kiti cha muuguzi kilikuwa mbele kabisa, kando ya miguu ya mgonjwa. Kama mgonjwa angeishiwa pumzi, muuguzi asingemfikia usoni. Mume wa dada yangu alichukua kisu. Paa lilipasuka kweli, upande wa kulia. Aligeuza kitanda, akajaza ufa, akasugua, akapaka rangi, akasugua tena, Velma akimwelekeza kwa neno mojamoja, "Bado," "Bado," mpaka Ijumaa jioni kompyuta ikasema, "Sawa." Asubuhi ya Jumamosi Harrison aliivalisha ambulensi matairi haraka, tukamfunga Velma mkanda kwenye kiti chake cha magurudumu, tukaondoka.

Pale Richfield msururu wa watu ulisimama mbele ya ile ambulensi. Mwamuzi, bwana mmoja mrefu mwenye tochi ndogo, alipiga magoti akamulika ndani kupitia mlango wa nyuma. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka alimwambia Velma kwamba hajawahi kuona ambulensi ndogo ambayo mgonjwa angepona ndani yake. Mimi nilianza kupiga makofi. Lakini akainama tena, akagusa gurudumu. Mstari mweupe kwenye tairi ulikuwa mwembamba. Mwaka 1959, akasema, ulikuwa mpana, huu mwembamba ulikuja baadaye, kwenye mwaka 1962. Boksi lilikuwa na matairi ya aina mbili, na Harrison alishika yasiyo ya mwaka huo. Wakapewa nafasi ya pili.

Harrison alikuwa karibu kulia. Alipiga magoti mbele ya mkewe akamwomba msamaha. Macho ya Velma yalikuwa yanakimbia kwenye kompyuta, na ile sauti ya mtalii ikasema, kwa nguvu, mbele ya klabu nzima, "Ametuona."

Kisha ikasema tena, "Ametuona, Baba Joan. Alitazama mpaka matairi." Velma alikuwa anacheka kwa uso wote uliobaki. Alitaka yule mwamuzi aitwe, alitaka kumshukuru, na akamwomba aende akague gari la meza inayofuata, kwa sababu yeye Velma alishaona kosa kwenye bampa. Njiani kurudi Crystal alitupangia gari lijalo.

Hilo halikujengwa. Velma alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, Harrison, Joan, Alvin nami tukiwa kando yake. Wiki mbili kabla, Harrison alikuwa amebadilisha yale matairi, akamletea. Alitazama mbele, akatazama nyuma, akatazama upande mwingine. "Sawa."

Ambulensi iko kwenye meza ya mlangoni, karibu na kitabu cha wageni. Tafadhali msipite tu. Familia inaomba kila mtu ainame atazame. Mlango wa nyuma unafunguka, na tochi tumeiweka.

Velma ameacha mume, Harrison Gitonga. Watoto, Joan na Alvin. Mama, Nyaboke, wa Tabaka. Ndugu, mimi Maurice. Wakwe na mashemeji wa Meru. Na wana klabu wa Richfield, ambao leo wamevaa suti kwa ajili yake na wengi wao hatujawahi kuwaona wakiwa nazo.

Dada, tumesoma miaka yote kwa uangalifu. Mungu akupokee, na upumzike kwake kwa amani.