Maziwa Hayakumwosha Nafula

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ule mwaka unga ulitushinda, tukala ndizi za kuchemsha na sukuma wiki mpaka watoto wakauliza ugali umehamia wapi, ndio mjukuu wangu Nafula alipata kazi Kawangware, kupaka gundi kwa sponji za sofa. Huku mtaani kwetu Raila nilijivuna! Huyo nimemlea tangu akiwa na meno mawili.

Mlango na dirisha la karakana vilifungwa, ati vumbi lisishike kwa gundi. Harufu ilikata pua! Lakini kila fundi alijua dawa: kunywa maziwa, kifua kioshwe. Basi kila asubuhi nilijaza chupa, nikaishika kwa mikono miwili, nikaiombea. Ndugu zangu, niliombea chupa nikaacha dirisha!

Kichwa kikaanza kumuuma. Akawa anacheka bila sababu. Akatia chumvi kwa chai. Mimi nikaongeza maziwa. Siku moja nikaitwa: Nafula ameanguka juu ya sofa. Nikafika, macho hayanijui.

Kwa kliniki walimwekea oksijeni. Nesi akauliza anakula nini. Nikasema kwa madaha, “Maziwa! Kila siku!”

Akanishika bega. “Shosho, maziwa yanaenda tumboni. Hiyo harufu inaenda mapafu, inaingia kwa damu, inapanda ubongo. Maziwa hayafuati huko. Akirudi kwa chumba kimefungwa, kuna siku hataamka.”

Nililia! Kumbe nilimtuma kwa sumu, na baraka juu! Nikasema, Baba, nirudishie huyu.

Jioni akafungua macho. “Kukhu, mbona unalia kama mtu amenyimwa nyama?” Haleluya! Nyanya gani angeacha kucheka?

Kesho yake mwenye karakana akaja na katoni ya maziwa. “Mama, arudi. Maziwa sasa ni juu yangu.”

Nikamwambia, “Nafula haingii humo mpaka dirisha lifunguliwe.”

“Na vumbi je, shosho?”

“Vumbi hupanguswa. Kifo cha mjukuu hupanguswa?”

Mpaka leo mkono wake hutetemeka kidogo akinimiminia chai. Ikimwagika nasema asante Yesu, maana aliyemwaga yuko hai. Mtegemeeni Mungu, ndugu zangu. Lakini dirisha ambalo mkono wako unalifikia, usimwachie Yeye.

Mwenye karakana ameketi pale nyuma, namwona na katoni tena. Karibu, baba. Hayo maziwa tutayapikia chai ya kanisa, na wewe utakunywa. Lakini jibu ni lile: Nafula haingii humo mpaka dirisha lifunguliwe.