Karai la Udongo Aliloniazima Kaka

"Nirudishie karai langu la udongo."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema marehemu kaka yangu mlangoni kwangu tarehe 3 Agosti mwaka huu, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umekwenda upande kwa kiharusi lakini neno "karai" likimtoka sawasawa.

Nikamjibu, "Kaka, miaka kumi na saba! Udongo gani unadaiwa miaka kumi na saba?"

"Udongo hauozi. Wewe ndiye utaoza."

Mke wake, aliyekuwa akisukuma kiti, akatazama pembeni asionekane anacheka. Mimi nikafunga mlango.

Wasifu una mpango wake, kwa hiyo nianze mwanzo. Ila karai hilo msilisahau.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1953, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, aliyekuwa mwashi. Mimi nilikuja miaka kumi na sita baadaye, watu wakiwa wameshakata tamaa. Mwaka aliozaliwa kiangazi kilivuka mpaka, miezi sita bila tone, na mvua ya kwanza ikaanguka siku hiyo hiyo. Mama alikuwa akisema mtoto alivuta harufu ya udongo uliolowa kabla hajaijua ya maziwa, na kwamba ugonjwa huo hakupona tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967. Akiwa darasa la tano, mwalimu mkuu alipanda miche arobaini mbele ya madarasa kwa sababu kulikuwa na mgeni. Mgeni akapigwa picha, akaondoka, na miche ikaachiwa jua. Marehemu akachimba kifereji kwa kijiko, kutoka kwenye pipa la kunawia mikono hadi kwenye miche miwili ya mwisho. Alichapwa viboko vinne kwa kuharibu uwanja. Kiangazi kilipokwisha, miche thelathini na minane ilikuwa kuni. Ile miwili ikaja kuwa miti, na mwalimu yuleyule akaweka kiti chake kivulini pale, bila haya, mpaka alipostaafu.

Tarehe 1 Juni 1974 aliajiriwa kuwa mtunza bustani wa manispaa, akadumu miaka thelathini na tisa. Kazi ilimchefua tangu siku ya kwanza. Alitakiwa kumwagilia nyasi za mbele ya ofisi saa saba mchana, jua la utosi, huku mitaa ya chini watu wamepanga foleni ya ndoo.

"Hapa hatumwagilii nyasi, mkuu," alimwambia mkuu wa idara. "Tunalinywesha jua."

"Wewe shika mpira."

Akashika. Lakini jioni, kwa muda wake mwenyewe, alitandaza majani makavu chini ya vichaka vyote vya bustani, udongo ukabaki na unyevu wake, na vichaka hivyo havikuhitaji mpira wa mtu. Majani mengine wenzake waliyakusanya na kuyachoma kila mwaka, moshi ukatukohoza mji mzima, na hilo likaitwa usafi. Yeye alikataa kuchoma. Aliyapakia kwenye magunia, akayabeba kwa baiskeli hadi nyumbani. Akaandikiwa barua tatu za onyo. Zote tatu alizichanachana akazitia kwenye shimo la mboji: "Karatasi nayo ilikuwa mti."

Siku ya kustaafu, tarehe 31 Mei 2013, walimpa maua ya plastiki ndani ya fremu. Aliyatazama, akauliza, "Ua lisilooza limekuja kufanya nini duniani?" Nanyi mliokuja leo na mashada ya namna hiyo, nimeyaona pale. Rudini nayo. Na chupa za maji mnazokunywa sasa hivi zisibaki makaburini. Marehemu ameokota takataka za watu maisha yake yote. Leo yuko likizo.

Tarehe 22 Agosti 1981 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alipokwenda kuposa alibeba gunia begani, na wifi yangu akadhani ni mchele. Alipolifungua akakuta mboji.

"Sasa hii nitaipikaje?" akauliza.

"Ngoja kiangazi kipite, utaona utakachopika."

Akangoja, wakala mboga za uani kwao miaka arobaini. Vitambaa vya pamba vilivyobaki chini ya cherehani alimpa mumewe avitie shimoni. Vya nailoni alirudishiwa, vimekunjwa vizuri.

Ua wao mliujua. Maji ya kuoshea vyombo yalitoka kwenye bomba la jikoni, yakapita kwenye mfereji wa kokoto, yakaishia kwenye mizizi. Mwezi wa kumi, nyumba zetu zikiwaka kama tanuri, pale kwake kulikuwa na ubaridi. Udongo wake ulikuwa mweusi, unashikana ukiubana na unaachana ukiugusa, na watu walikuja kuuomba. Alikuwa na sheria moja: "Sitoi, naazima." Ukichukua karai, unarudisha karai la udongo wa kwako, uliotokana na maganda ya jikoni kwako. Alisema mtu akipewa udongo huutumia, akiazimwa hujifunza kuutengeneza.

Mimi niliazima mwaka 2005, nikapandia mti wa tini. Mwaka uliofuata nikampelekea karai limejaa, nimejikuza. Kesho yake nilipofungua mlango nilikuta vitu vimepangwa kwenye kizingiti kama vyombo vya mgeni: betri mbili za redio, kifuniko cha chupa, nusu kitana, mswaki, na vipande vya mfuko wa plastiki, vimeoshwa.

"Hivi ni vyako," aliniambia. "Changu bado."

Tulinuniana mwezi mzima, na karai lingine sikupeleka.

Alipata kiharusi tarehe 11 Februari 2022, akalazwa mpaka tarehe 2 Aprili. Wakati yuko hospitali, mwanawe mkubwa, ambaye ni muuza vifaa vya ujenzi, aliufunika ua wote kwa vigae vya saruji, ukuta kwa ukuta. Nalisema hili mbele yake, amekaa pale. Mboji ya shimoni na udongo mweusi wa ua vikapakiwa kwenye lori, kazi ya miaka arobaini, vikamwagwa jalalani juu ya nepi na magodoro. Pembeni akatandika zulia la majani ya plastiki.

"Shangazi, nilitaka kiti cha baba kisikwame kwenye matope," aliniambia.

"Matope gani, kiangazi ndicho hiki kinaingia? Umeyaona ndotoni?"

Marehemu aliposhushwa kwenye gari alitazama kushoto, akatazama kulia. Akaomba asogezwe kwenye zulia lile, akaligusa kwa mkono uliobaki mzima. "Hata mbuzi hawezi kudanganyika na hili," akasema. Kisha akamwambia mwanawe, "Mmenizika mapema."

Tangu siku hiyo aliomba jambo moja tu: vigae vifunguliwe karibu na bomba la jikoni, apande kitu. Lakini udongo wake haukuwepo tena, isipokuwa ule aliowaazima watu. Akaanza kuufuata, na mlango wa kwanza ulikuwa wangu. Nami nikaufunga. Katika uchafu wote nilioutaja hapa, huo ndio unaonichefua zaidi.

Nilianza shimo langu siku iliyofuata. Nimegeuza mboji kila siku ya tatu, kwa wiki nane. Kaka hakungoja. Kiharusi cha pili kilimchukua nyumbani kwake tarehe 27 Septemba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mjane, watoto wawili, yule muuza vifaa na binti ambaye ni muuguzi, wajukuu watano, na mimi.

Jana alasiri, karatasi hii ikiwa nusu, nilibeba karai hadi kwake. Nilimkuta mwanawe amepiga magoti kwenye bomba la jikoni, ana mtaimbo, ameng'oa vigae vitatu. Macho yalikuwa mekundu.

"Shangazi, hapa panatosha?"

"Ongeza."

Akaongeza vingine sita bila kubisha. Wifi akatoka ndani, akaingiza mkono kwenye karai mpaka kwenye kiwiko, akachambua kama anavyochambua kitambaa sokoni. Akatoa kifungo.

"Na hiki?"

"Cha mbao, wifi. Kitaoza."

Akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akakirudisha. Tukamwaga udongo, tukachomeka kijiti nilichokikata kwenye mtini wangu, na wifi akaleta maji ya kuoshea vyombo.

"Limefika," akasema.

Kaka, umesikia. Sasa pumzika.