Mama Josée na Kitonge cha Ngumi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza cha hospitali katika shule yetu ya uuguzi hapa Likasi, Mama Josée Kapinga anastaafu tarehe 4 Julai. Sisi wa ofisi ya jirani tumeshaingiwa na upweke, na bado yupo.

Alipoanza kazi alikuta wanafunzi wakimeza maneno marefu mazima mazima na kukwama katikati. Akawaambia kwa mfano wa ugali wetu, "Bukari hatumezake sahani muzima. Mukate kitonge!" Tangu hapo neno kama "gastroenterology" likawa linakatwa juu ya meza: gas, tro, en, te, ro, lo, ji. Kidole kwa kila kitonge, ngumi kwa kile kizito. Kifaransa chetu hupenda kukaza mwishoni, lakini yeye alitaka ngumi ianguke kwenye "ro", na ole wako uipeleke kwingine.

Mwaka mmoja mkaguzi alifika wakati darasa zima linapiga ngumi. Akadhani ni mgomo, akarudi mbio kwenye gari. Gauthier, mlinzi wetu, alimbembeleza mpaka akashuka. Jioni tulimwona akiondoka huku anagonga usukani.

Wanafunzi wake leo wanauguza watu Ndola na Lusaka, kule Zambia kwenye Kiingereza. Binti yake Plamedie, aliyejifunza kwa kugonga sufuria jikoni, yuko Kitwe, ameolewa na kuzaa huko. Mjukuu huyo Mama Josée hajawahi kumshika, anamwona kwenye simu tu. Kila likizo safari iliahirishwa: mara mitihani, mara hakuna wa kumshikia darasa. Mganga hajigangi. Aliwafungulia wenzake njia ya mpaka wa Kasumbalesa, mwenyewe hajauvuka.

Siku moja mtandao ulikatika mtoto akiwa bado anamwimbia. Tulimsikia Mama Josée kupitia ukutani, peke yake darasani, akigonga meza polepole kwa kidole. Ilituuma sana.

Sasa darasa amelipokea Yannick, mwanafunzi wake wa zamani. Anagonga vizuri, hatumlaumu, ila masikio yetu yanautafuta mkono ule mwingine.

Mama Josée, asante kwa kila kitonge. Jumamosi basi linakuchukua kwenda Kitwe, nasi tunakuombea mapumziko yenye afya na mjukuu mapajani. Ukifika mlangoni kwa Plamedie, usigonge kwa kidole. Gonga kwa ngumi.